Nendeni New Orleans Jumapili

Wazee shikamooni, wengine hamjambo. Nimeitwa nizungumzie safari ya New Orleans kwa sababu wengi wenu hapa Houston mmeshaanza kuipanga. Na kila ninayemuuliza ananijibu hivyo hivyo: naondoka Ijumaa jioni, narudi Jumapili asubuhi. Hapo ndipo ninapogombana nanyi. Njia ni kilomita 560 hivi. Ijumaa usiku unafikia Bourbon Street, unauziwa kinywaji kwenye kikombe cha plastiki kwa bei ya kuruka, Jumamosi kichwa kinauma, na Jumapili mji unapoamka wewe uko barabarani. Ombeni ruhusa kazini. Fikeni Jumapili, ondokeni Jumanne.

Jumapili ya mji ule ina historia. Mwaka 1817 baraza la mji lilipitisha amri kwamba watumwa wakusanyike Jumapili tu, tena mahali atakapopataja meya. Pakawa ni kiwanja cha nyuma ya mji, ng'ambo ya Rampart Street. Waliuza vyakula, wakapiga ngoma, wakacheza mpaka jua linatua. Leo panaitwa Congo Square, ndani ya bustani ya Louis Armstrong, yule mpiga tarumbeta wa jazz. Ndugu zetu wa Lubumbashi na Bukavu mliomo humu, jina hilo halikuokotwa: wengi walioletwa Louisiana walitolewa upande wa Kongo. Utakuta mawe yamepangwa kwa duara chini ya miti, basi. Simameni kidogo.

Kisha tafuteni maandamano yanayoitwa second line. Msimu wake ni kuanzia mwishoni mwa Agosti hadi Juni hivi, karibu kila Jumapili, na kila wiki ni zamu ya chama kingine. Vyama hivyo mizizi yake ni vile vile vyetu vya kufa na kuzikana: watu weusi walichanga senti, mwenzao akiugua atibiwe, akifa azikwe kwa heshima na muziki. Mbele wanatangulia wanachama, suti za rangi moja toka kofia hadi viatu, mapepeo ya manyoya mkononi. Wanafuata wapiga matarumbeta, mmoja amezungukwa na tarumbeta kubwa kama kavingirishwa na chatu. Anayefuata nyuma, yeyote yule, ndiye second line mwenyewe. Tuliokulia Dar tunaujua mdundiko: umetumwa mkaa, umekutana na ngoma, unajishtukia uko Mbagala. Mimi niliegesha gari kitongoji cha Tremé nikasema nitafuata mtaa mmoja tu. Saa 3 baadaye nilikuwa nimekatika kandambili, nina kipande cha kuku kutoka kwa jamaa anayechoma nyuma ya pikapu, na gari sijui liko wapi.

Jumatatu ni siku ya wali maharage. Msicheke. Zamani Jumatatu ilikuwa siku ya kufua, mama hana nafasi ya kusimama jikoni. Basi anachukua mfupa wa nguruwe uliobaki Jumapili, anautumbukiza kwenye maharage mekundu, moto mdogo, anaenda zake kufua. Mashine za kufulia zimekuja, Jumatatu imebaki pale pale. Maharage mengine huyaponda ukingoni mwa sufuria ili mchuzi uwe mzito. Nazi hamna, msiitafute. Armstrong, aliyezaliwa mji huo mwaka 1901, aliyapenda hadi barua zake akizifunga kwa kujiita wako wa maharage na wali.

Halafu kuna mchuzi wa gumbo. Unga wa ngano unakaangwa ndani ya mafuta, mwiko hauachwi, nusu saa na zaidi, mpaka uwe rangi ya chokoleti. Ukiona chembe nyeusi, umeungua, mwaga uanze upya. Ndipo vinaingia kitunguu, hoho na seleri, kisha kamba na kaa, au kuku na soseji, na mara nyingi bamia. Jina la mchuzi limetoka kwa hiyo bamia: kwa Kimbundu cha Angola inaitwa kingombo. Ona mambo! Sisi Wabantu wa pwani tumechukua neno la Waarabu, na neno la Kibantu tunaenda kulikuta kwenye bakuli Marekani.

Kulieni mgahawa wa Dooky Chase, Orleans Avenue. Bibi Leah Chase alipika pale mpaka uzeeni, akafariki 2019 akiwa na miaka 96. Enzi za ubaguzi, weusi na weupe walikaa meza moja kwenye chumba chake cha juu kupanga harakati, na sheria ilikuwa inakataza.

Jumatatu jioni, mwisho wa Canal Street, pandeni kivuko cha kuvuka mto Mississippi kwenda Algiers. Ni dakika chache, kama kwenda Kigamboni. Mkifika ng'ambo kaeni juu ya tuta la kuzuia mto, mtaona kwa nini mji ule unaogopa maji. Tarehe 29 Agosti 2005, kimbunga Katrina kilipopiga, kuta za mifereji zilipasuka na asilimia 80 ya mji ikafunikwa. Wengi waliletwa hapa hapa Houston, wengine ni majirani zenu. Pale kwenye tuta, meli ya mizigo itapita mbele yenu. Geukeni nyuma: mapaa ya nyumba yako chini ya sitaha yake.

Naona mkono kule nyuma. Mama, najua ni swali la nguruwe. Yumo kwenye maharage, kwenye gumbo nyingi, hata kwenye mboga za majani. Uliza kabla hujaagiza.