Abdilatif Abdalla: Je, Ni Jela Iliyomfungua Macho?

ZUHURA: Karibuni tena. Leo tunamzungumzia mshairi Abdilatif Abdalla, na Musa kaja na ubishi, namwona usoni.

MUSA: (anacheka) Ubishi mdogo tu. Kila anayesimulia habari zake huanzia jela: alifungwa 1969, akatoka 1972 na tungo zake. Kana kwamba jela ya Kamiti ndiyo iliyomfungua macho. Mimi nasema alifungwa kwa sababu macho yalikuwa wazi zamani.

ZUHURA: Kazaliwa Mombasa 1946, kwenye ukoo wa washairi. Ahmad Nassir Juma Bhalo ni kaka yake. Na Mombasa watu wamewasema wakubwa kwa mashairi tangu enzi za Muyaka, mshairi wao wa karne ya kumi na tisa.

MUSA: Sasa njoo 1968. Ana miaka 22, yuko KPU, chama cha Jaramogi Oginga Odinga. Uchaguzi wa serikali za mitaa unafika, wagombea wa KPU wanakataliwa fomu zao, eti hazikujazwa sawasawa. KANU, chama tawala, wanapita bila kupingwa! Kijana akaandika waraka, Kenya: Twendapi?, ukasambazwa kwa siri. Uhuru una miaka mitano tu, jamani.

ZUHURA: Ukamgharimu miaka mitatu, kwa kosa la uchochezi. Lakini Musa, usiniambie jela haikumbadilisha. Mwandishi wa waraka anawakabili watawala moja kwa moja. Huyu wa Sauti ya Dhiki, diwani ya tungo zake za jela, kafungiwa peke yake, anaandika kwa kificho kwenye karatasi za chooni. Soma “Mnazi”: ndugu wawili, Alii na Badi, wanagombania mnazi wa urithi, na kila mmoja anasema yake mpaka amalize. Mwenye hasira tupu hampi mpinzani wake nafasi hiyo.

MUSA: Hapo umenibana. Ila yule mamba wa “Mamba” hakupewa nafasi ya kujitetea!

ZUHURA: Anayejigamba kwamba ataishi milele? Huyo aachwe ajue siku yake itafika. Na mshairi anatuonya mwanzoni kabisa kwamba kafumba, afumbue awezaye.

MUSA: Halafu kuna hili, kila nikilikumbuka nacheka. Diwani ilichapishwa 1973, na mwaka uliofuata ikapata Tuzo ya Fasihi ya Jomo Kenyatta. Rais yuleyule ambaye serikali yake ilimtia ndani!

ZUHURA: Wakati huo yeye yuko zake Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Baadaye akaenda London, kisha Leipzig. Hilo nalo tunalipita haraka mno. Jela ni miaka mitatu, ughaibuni ni miongo.

MUSA: Hilo tulitengee kipindi chake. Ila sijakuachia, bado nina “Siwati”. Shairi zima ni mtu anayekataa kuliacha alilolishika. Sasa niambie, amelishika lini? Si kabla ya kufungwa?

ZUHURA: Kabla, ndiyo. Lakini kulishika ukiwa nje, na wenzako wa chama wako pembeni, ni rahisi. Humo ndani ndimo alimolazimika kujiuliza kwa nini asiliache, na shairi linakwenda ubeti kwa ubeti likijibu hilo.

MUSA: Haya, tusomee beti za kwanza. Nikipata la kukubishia, nitakukatiza.