Hiyo ni Kutu, Mwanaidi

SALIMU: Karibuni tena. Mabega yananiuma. Jumamosi nimekaa saa mbili nakinoa kile kisu changu cha chuma cha S30V, na nilipokipitisha kwenye karatasi kikararua badala ya kukata.

MWANAIDI: Ulinolea kinoo gani? Kile cha kahawia cha oksidi ya alumini?

SALIMU: Hicho hicho.

MWANAIDI: Basi mkono wako hauna kosa, kaka. S30V ina vanadiamu asilimia 4. Vanadiamu ikishikana na kaboni inazaa chembe ngumu kuliko kinoo chenyewe. Kinoo kinakwangua chuma kilichozizunguka, zenyewe zimekaa. Tafuta cha almasi.

SALIMU: Na ndizo ninazokipendea. Nakata maboksi wiki nzima, makali yapo tu.

MWANAIDI: Mimi huyu hapa, kisu cha chuma cha 1095. Kaboni karibu asilimia 1, kromiamu hamna. Dakika 5 kwenye kinoo chochote, kinanyoa nywele za mkono.

SALIMU: Lete nikione. Mwanaidi! Hii ni kutu.

MWANAIDI: Si kutu.

SALIMU: Wasikilizaji, ubapa mzima una mawingu ya kijivu na samawati, na karibu na mpini kuna doa jeusi.

MWANAIDI: Pitisha kidole. Kimetoka chochote?

SALIMU: Hakijatoka.

MWANAIDI: Kutu nyekundu ingekuachia unga. Ile inabanduka, unyevu unapenya chini yake, chuma kinazidi kulika. Huu weusi ni oksidi nyingine, imegandamana na chuma na inakikinga kiasi. Nimekata malimau siku tatu mpaka ikakaa hivi.

SALIMU: Chuma kimelika, dada. Kimelika polepole, lakini kimelika. Kromiamu ipo kwa ajili hiyo, inafanya utando mwembamba usioonekana, ukikwaruzwa unajiziba wenyewe.

MWANAIDI: Mbona chuma cha D2 kina kromiamu asilimia 12 na bado kinapata madoa?

SALIMU: Hapo umenigusa ninapopapenda. D2 ina kaboni nyingi, kama asilimia 1.5, nayo imeiteka kromiamu ikawa chembe ngumu. Iliyobaki huru kulinda chuma ni kidogo. Ni sukari iliyotuama chini ya kikombe: imo, lakini chai haina utamu.

MWANAIDI: Hilo nakubali.

SALIMU: Sasa njoo chuma cha MagnaCut, alichokibuni Larrin Thomas, mtaalamu wa vyuma, kikatoka 2021. Kromiamu asilimia 10.7 tu, chini ya D2! Lakini kaipanga kromiamu isitekwe, kazi ya chembe ngumu akaziachia vanadiamu na niobiamu. Kutu haikiwezi kirahisi, wala makali hayamegeki ovyo. Ndiyo maana watu wanakililia.

MWANAIDI: Ni kazi ya akili, sibishi. Ila mimi nataka kisu ninachoweza kukirudishia makali mwenyewe, popote nilipo. Makali yanayokaa mwezi halafu yakanishinda kunoa, hayajanisaidia.

SALIMU: Na kisu kinachotaka kupanguswa kila kikishika limau ni kazi juu ya kazi.

MWANAIDI: Kukipangusa ndiko kukijua. Naona kila alama, najua imetoka wapi.

SALIMU: Chuma kizuri hakikudai hayo.

MWANAIDI: Kinakudai almasi.

SALIMU: Mara moja kwa kipindi kirefu! Wewe kila siku.

MWANAIDI: Kila siku, na sichoki.

SALIMU: Sikubaliani.

MWANAIDI: Wala mimi.

SALIMU: Naambiwa zimebaki dakika 2. Na tulikuwa na mambo matatu kwenye karatasi.

MWANAIDI: La pembe ya makali hatujaligusa. Wala la tanuri, ambalo ndilo nililitaka kuliko yote, maana chuma kile kile kikipashwa vibaya hakiwi kitu.

SALIMU: Hatuwahi. Tukutane wiki ijayo. Ngoja nikusugulie hili doa.

MWANAIDI: Salimu, usilisugue! Nipe kisu changu.