Anga la Dodoma Lisigeuzwe Ubao wa Matangazo

Mhadhara uliotolewa jijini Dodoma, mwezi Julai

Ndugu zangu wahandisi, walimu, wanafunzi, na ninyi wa Halmashauri mliopata nafasi ya kufika, nawashukuru.

Walionisikiliza miaka iliyopita wanajua nitaanzia wapi, na wanivumilie, kwa sababu jambo lenyewe, yaani taa za biashara zinazotupa mwanga angani hadi nyota zisionekane, halijapata ufumbuzi na mimi sioni sababu ya kuliacha. Mwaka 2014 nilikuwa nafundisha fizikia katika shule moja ya bweni pembezoni mwa mji huu. Kila Novemba, baada ya wanafunzi kumaliza kujisomea usiku, niliwapeleka kidato cha pili kwenye uwanja wa mpira, kila mmoja na daftari na penseli yake, tukaelekea kaskazini mashariki kutazama Kilimia, kile kishada kidogo cha nyota. Zoezi lilikuwa dogo: hesabu nyota unazoziona katika kishada kile, andika idadi, usichungulie daftari la mwenzako. Wengi waliandika sita. Wachache waliandika saba. Msichana mmoja mwenye macho makali kuliko sisi sote aliandika tisa na kuchora mahali pa kila moja, nami niliporudi nyumbani nikaulinganisha mchoro wake na ramani ya nyota, nikakuta hajakosea hata moja.

Mwaka 2018 kikafunguliwa kituo cha mafuta ng'ambo ya barabara. Hakikuwa kikubwa: pampu nne, duka dogo, na paa refu jeupe lililojaa taa kwa chini. Lakini katika pembe za kiwanja zilisimikwa nguzo nne zenye taa kubwa za LED, na taa hizo hazikuinamishwa kumulika kiwanja; ziliinuliwa uso zikatazama barabara, ili dereva anayetoka mbali azione. Novemba ile nikawatoa wanafunzi kama kawaida. Wengi waliandika tatu, wengine wakaandika kwamba wanaona kitu kama wingu. Mvulana mmoja aliandika maneno manne, na daftari lake ninalo mpaka leo: "Sioni nyota, naona taa."

Nikaenda kwa mwenye kituo. Alinipokea vizuri, akaniagizia soda, akanieleza kwa uwazi kwamba mteja asipoona mwanga hasimami. Sikubishana naye. Nilimwomba tu tutoke nje saa mbili usiku, tusimame chini ya mojawapo ya nguzo zake, kisha atoe stakabadhi mfukoni aisome. Alishindwa. Tukageuka kuangalia mwanga aliokuwa akiulipia unaangukia wapi: ulikuwa kwenye vilele vya miarobaini ng'ambo ya barabara, kwenye ukuta wa bweni la wasichana wetu, na uliobaki wote ulikuwa unakwenda juu. Kesho yake fundi alikuja na ngazi na spana. Alilegeza nati mbili katika kila taa, akaziinamisha hadi nyuso zake zikatazama ardhi sawasawa, akakaza. Kazi nzima haikuzidi saa moja. Usiku ule kiwanja kikang'aa kiasi kwamba fundi alisema hata sarafu ikianguka utaiokota, na mwenye kituo mwenyewe, bila kuombwa na mtu, akaamua taa mbili kati ya nne hazina kazi, akazizima. Madereva waliendelea kusimama kama zamani. Novemba iliyofuata wanafunzi wakahesabu tano.

Ningependa kuishia hapo, na kwa miaka miwili niliishia hapo kila nilipokaribishwa kuzungumza. Kisha barabara ile ile ikawekwa skrini kubwa ya matangazo, inayobadilisha picha kila baada ya sekunde chache, kutoka jioni hadi alfajiri. Saa nane usiku barabara haina gari wala bodaboda, na skrini inatangaza juisi kwa mbwa wawili waliolala kwenye mtaro. Nilimtafuta mwenye skrini ili nimwombe kile kile nilichomwomba mwenye kituo. Aliyefunga mitambo aliniambia yeye ni fundi tu. Wakala aliniambia niandike barua. Barua zangu tatu hazikujibiwa. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba ujirani mwema una mpaka wake. Mtu unayeweza kusimama naye chini ya nguzo mtaelewana. Biashara ambayo mwenye nayo hukai naye mtaa mmoja inahitaji kanuni, na kanuni hiyo inapaswa kuandikwa kwenye kibali kabla nguzo haijasimikwa.

Najua kuna mtu hapa anayesema moyoni: huyu mzee ametusahau. Miaka yote tumelia giza, vijiji vyetu vimesubiri nguzo za umeme kwa miongo, leo tuna bwawa la Julius Nyerere lenye uwezo wa megawati 2,115, naye anatuambia tuzime. Ndugu yangu, sijasema hivyo hata mara moja, na nachoka kulisahihisha hili kila ninaposimama. Balbu inayoning'inia jikoni kwa bibi kule Chemba haifiki angani. Inamulika sufuria, inamulika mtoto anayesoma, na mwanga wake unaishia kwenye kuta za nyumba. Ninachozungumzia ni taa ambayo mwenyewe ameinunua, anailipia umeme, halafu nusu ya mwanga wake anautupa mahali ambapo hakuna mtu, hakuna barabara, hakuna bidhaa. Kama unapenda umeme wa taifa hili, hupaswi kuumwaga.

Sasa niseme mwanga huo unaotupwa unafanya nini. Mwanga unaotoka kwenye taa na kupanda angani hukutana na chembe za hewa na za vumbi, nazo huutawanya kila upande, na sehemu yake hurudi chini machoni mwetu. Ndiyo maana mtu akitoka Chamwino usiku akatazama magharibi huona kuba la weupe limekaa juu ya mji. Mwanga wenye buluu nyingi hutawanyika zaidi kuliko ule wa manjano, kwa sababu ile ile inayolifanya anga la mchana kuwa la buluu. Nenda duka lolote la vifaa vya umeme, soma boksi la taa: mara nyingi utakuta limeandikwa 6500K. Hiyo ni rangi ya mwanga kwa kipimo cha kelvini, na kadiri namba inavyopanda ndivyo buluu inavyozidi. Taa ya 3000K au chini ya hapo, yenye mwanga wa rangi ya asali, inamulika kiwanja vizuri na hailipaki anga weupe kwa kiasi kile. Na sisi wa Dodoma tuna vumbi la kiangazi la ziada; hatuna ruhusa ya kuwa wazembe katika hili.

Mwaka 2016 watafiti walichapisha ramani ya dunia nzima ya mwangaza wa anga la usiku, wakaonyesha kwamba zaidi ya theluthi moja ya binadamu hawawezi tena kuiona Njia Nyeupe, ule ukanda wa mwanga hafifu wa nyota za galaksi yetu, kutoka wanakoishi. Mwaka 2023 ukatoka utafiti mwingine, uliojengwa juu ya hesabu za watu wa kawaida waliotazama nyota kwa macho yao kati ya 2011 na 2022, kama wale wanafunzi wangu wa kidato cha pili. Ulikadiria kwamba mwangaza wa anga uliongezeka kwa karibu asilimia 10 kwa mwaka. Waandishi wake walieleza maana yake hivi: mtoto akizaliwa mahali panapoonekana nyota 250, akifikisha miaka 18 ataziona 100 tu. Waliohesabu wengi walikuwa Ulaya na Marekani. Sisi bado tunajenga, na mji huu, uliopewa hadhi ya jiji mwaka 2018, unasimika nguzo mpya kila wiki. Ndiyo maana nina haraka.

Watu huniambia kwamba hakuna nchi inayozuia biashara kuwasha taa. Si kweli. Mji wa Flagstaff, katika jimbo la Arizona nchini Marekani, ulipiga marufuku taa za kumulika angani za matangazo mwaka 1958, kabla sisi hatujapata uhuru. Mji ule una kituo cha kutazamia nyota cha Lowell, ambako Pluto iligunduliwa mwaka 1930, na wenyeji waliona kwamba mfanyabiashara mmoja mwenye taa ya kurusha juu anaweza kuharibu kazi ya kituo kizima. Mji haukufa. Una maduka, una hoteli, una vituo vya mafuta, na mwaka 2001 ukawa mji wa kwanza duniani kutambuliwa kimataifa kwa kulinda giza lake. Ufaransa, tangu Julai 2013, taa za mbele ya maduka na majengo ya ofisi zinatakiwa kuzimwa saa saba usiku. Hapa Afrika, hifadhi ya NamibRand nchini Namibia ilitambuliwa mwaka 2012 kuwa hifadhi ya anga la giza, na wageni hulipa fedha nzuri kwenda kulala huko ili waone kile ambacho mtoto wa Bahi alikuwa akikiona bure akienda kuchota maji alfajiri.

Nije kwenye usalama, maana bila hilo hamtaniruhusu kushuka jukwaani. Mnasema mwanga mkali unafukuza wezi. Fanyeni jaribio moja. Usiku wa leo simama mbele ya lango lenye taa kali iliyofungwa ukutani ikikutazama usoni, kisha inua kiganja uizibe ile taa isikufikie machoni. Utamwona mtu aliyesimama pembeni ya lango, ambaye sekunde moja iliyopita hukumwona. Ukali wa taa ulikuwa unakupofusha, na kivuli kilichokuwa nyuma ya taa kilikuwa kimempa mwizi mahali pa kusimama. Mlinzi mmoja wa ghala aliwahi kuniambia kwamba huvaa kofia pana kazini usiku, si kwa ajili ya mvua, bali kwa ajili ya taa ya tajiri wake. Taa yenye kifuniko, iliyoinamishwa, inampa mlinzi macho yake.

Na tunapoteza nini? Dodoma iko takriban nyuzi 6 kusini mwa ikweta. Maana yake ni kwamba katika mwaka mmoja karibu anga lote, la kaskazini na la kusini, hupita juu ya vichwa vyetu. Mtu wa London hataiona Salibu, lile kundi la nyota za kusini lenye umbo la msalaba, maisha yake yote akikaa kwao, na sisi tunaiona kutoka uani. Kitovu cha galaksi yetu hupita juu sana, karibu na utosi, na huonekana jioni miezi hii ya kiangazi ambapo mawingu ni machache. Wazee wetu walisema Kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua. Hiyo ilikuwa kalenda ya mkulima, na jina lenyewe limetokana na kulima. Mtoto asiyeweza kukiona atalisoma jina hilo kama neno la kamusi.

Nimeonyeshwa saa. Nilikusudia kuzungumza kuhusu kumbikumbi wanaomalizika chini ya taa za vituo vya mafuta mvua ya kwanza inaponyesha. Nilikusudia pia yule mdudu mweusi anayeviringisha donge la kinyesi cha ng'ombe, ambaye watafiti walithibitisha mwaka 2013 huko Afrika Kusini kwamba huongozwa na Njia Nyeupe asipotee njia. Usingizi wa binadamu na setilaiti vitasubiri siku nyingine.

Wenzangu wa Halmashauri, ombi langu ni aya moja kwenye kibali cha kila bango, kila skrini na kila kituo cha mafuta: taa isirushe mwanga juu ya usawa wake, isizidi 3000K, na skrini izimwe saa nne usiku. Kelele tumeziwekea kanuni tangu 2015, na sijasikia baa iliyofungwa kwa kukosa wateja kwa sababu hiyo.

Msimamizi wa ukumbi amekubali kuzima taa za nje kwa nusu saa. Tokeni taratibu, msiwashe simu, kwa sababu macho yanahitaji dakika 20 kuzoea giza. Salibu iko kusini magharibi. Ukitazama juu upande wa mashariki utaona kundi la nyota liitwalo Nge, lenye ile nyota nyekundu kifuani, na nyuma yake Njia Nyeupe inapanda. Walioko upande wa lango hawataiona vizuri, kwa sababu ya skrini ya ng'ambo ya barabara. Wasogee huku nyuma ya jengo.