Kabla ya Spika, Pigeni Makofi Sebuleni

Nimeombwa nizungumzie spika na amplifaya za bei kubwa. Nitafika huko, ila walionisikia siku za nyuma wanajua nitaanzia wapi. Nitaanzia kwenye chumba.

Watu hunijia na swali lilelile: "Nimetoa mamilioni, mbona sauti inachoma masikio?" Namuuliza kila mmoja, sakafu ni ya nini? Tailsi. Dari? Jipsam. Ukuta wa upande? Kioo kitupu, fremu za aluminiamu. Pazia? Nyepesi, ya urembo. Hapo sijauliza hata jina la spika, na jibu tayari ninalo.

Mkirudi nyumbani leo, simameni katikati ya sebule mpige makofi mara moja, kwa nguvu. Msisikilize kofi lenyewe, sikilizeni kinachofuata. Mkisikia trrrr, hiyo ni sauti inadunda kati ya kuta mbili zinazotazamana. Kuta zikiachana mita 5, inakwenda na kurudi zaidi ya mara 30 kwa sekunde. Kila herufi "s" ya mwimbaji inapita humo humo.

Nitawaambia tena habari za Sabine, kwa sababu bado hamjazifanyia kazi. Mwaka 1895 Chuo Kikuu cha Harvard kilikuwa na ukumbi mpya katika jengo la Fogg, na mhadhiri alikuwa haeleweki humo. Rais wa chuo, Charles Eliot, akamkabidhi tatizo hilo mwalimu kijana wa fizikia, Wallace Sabine. Sauti ilikuwa inabaki hewani sekunde tano na nusu! Sentensi imekwisha, neno lake la kwanza bado linasikika. Sabine alifanya nini? Usiku, yeye na wasaidizi wake walibeba mito ya viti kutoka Sanders Theatre, wakaipanga ukumbini, wakapuliza bomba la kinanda na kupima kwa saa sauti inachukua muda gani kufifia. Wakaongeza mito, wakapima tena. Asubuhi mito yote iwe imerudi mahali pake.

Mito ile ndiyo iliyotupa kanuni tunayoitumia mpaka leo: zidisha ujazo wa chumba kwa 0.161, kisha gawanya kwa eneo linalofyonza sauti, unapata sekunde ambazo sauti inabaki hewani. Tupige hesabu hapa hapa. Sebule ya mita 6 kwa 5, kimo mita 3, ni mita za ujazo 90. Zidisha, unapata kama 14.5. Tunataka mwangwi ufe ndani ya nusu sekunde, kwa hiyo tunagawanya kwa 0.5: tunahitaji ufyonzaji wa mita za mraba 29, yaani sawa na mita 29 za kitu kinachomeza sauti yote. Tailsi hufyonza asilimia moja au mbili tu ya sauti inayoigonga. Sakafu yako yote ya mita 30 haikupi hata mita moja! Zulia zito, sofa za kitambaa, pazia nzito yenye mikunjo inayofunika kioo chote: hapo ndipo hesabu inaanza kusogea.

Kuna anayewaza trei za mayai. Tafadhali, ziacheni. Ni karatasi nyembamba, hazifyonzi cha maana. Sponji nyembamba nayo inakula sauti za juu tu na kuacha besi ikivuma.

Haya, spika. Usidanganywe na mchoro wa sauti inayotoka mbele peke yake. Utafiti wa Floyd Toole kwenye Baraza la Taifa la Utafiti la Kanada ulionyesha kwamba wasikilizaji hupenda spika ambayo sauti yake ya mbele imenyooka, yaani sauti za chini, za kati na za juu ziko kiwango kimoja, na ile ya pembeni inapungua taratibu, bila kuruka. Wufa, ile koni kubwa ya besi, ya inchi 6.5 ikipanda kufikia hezi 2,000, yaani mitetemo 2,000 kwa sekunde, huwa imeanza kubana sauti yake mbele, halafu twita, ile ndogo ya sauti za juu, inapokea na kuimwaga pande zote. Kioo chako kinaipokea na kukurudishia. Tafuteni twita iliyokaa ndani ya kishimo chenye umbo la sahani, au yenye honi iliyoundwa vizuri. Spika za paneli, zile bapa zisizo na boksi, kama Quad ya mwaka 1957, hazirushi karibu chochote ubavuni, ila zinataka nafasi kubwa nyuma yake.

Muda unaniishia. Amplifaya: ya valvu, yaani ya taa za kioo za zamani, haitibu chumba. Nyingi zina ukinzani mkubwa kwenye njia ya kutolea sauti, kwa hiyo sauti inapanda na kushuka kufuata omu (kipimo cha ukinzani) za spika yako, na inaweza kukuongezea ukali badala ya kuupunguza. Chukueni inayomudu omu 4 bila kuhangaika, yenye kitufe cha trebo, yaani sauti za juu. Kukipunguza si aibu. Wati zikiongezeka maradufu, unapata desibeli 3 tu.

Mwisho, kabla ya maswali. Kaa mahali unaposikilizia, mwenzako atembeze kioo cha mkono ukutani, usawa wa masikio yako. Unapoiona twita ndani ya kioo, weka alama kwa penseli. Hapo ndipo pa kutundika zulia la kwanza.