Chora Haki ya Likizo Hata Asiyesoma Aielewe

Hamjambo watazamaji wetu. Leo tuko Changamwe, hapa barazani, na kazi yetu ni kuchora bango la haki za mfanyakazi ambalo hata asiyejua kusoma atalielewa. Tafuta karatasi ya manila, penseli, kifutio na makapeni nyeusi. Rangi si lazima.

Kwanza, chagua haki moja. Moja tu! Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007 ina vifungu vingi, na ukivijaza vyote utapata ukuta wa maneno ambao hakuna anayeutazama. Leo tuchukue likizo: ukifanya kazi miezi 12 mfululizo, una haki ya siku 21 za kazi za mapumziko, mshahara ukiwa kamili.

Sasa chora, kwa penseli. Usikimbilie makapeni, utajuta. Mara ya kwanza mimi nilichora mtu kabeba begi anatoka getini, nikajiona fundi. Nikamwonyesha mama mmoja wa kiwandani: "Mama, waona nini hapa?" Akaguna. "Huyu kafutwa kazi, maskini." Kumbe kwa kibarua, begi na geti ni habari nyingine kabisa!

Tazama nilivyorekebisha. Picha ya kwanza, yuko kwenye cherehani. Ya pili, amekaa kwao chini ya mwembe, mtoto pajani, noti mkononi, na kando yake visanduku 21. Ile siku yake ya kupumzika ya kila wiki haihesabiwi humo, kwa hivyo usiichanganye. Ya tatu, amerudi kwenye cherehani ile ile. Hii ya tatu usiiache, ndiyo inayomtoa mtu hofu.

Picha zipange juu kwenda chini. Aliyepita shuleni huanza kushoto. Mzee aliyesoma chuo cha Kurani tu huanza kulia, kama Kiarabu kisomwavyo, na wote wawili wako zamu moja. Ukizilaza kwa mstari, mmoja wao atasoma hadithi kinyumenyume.

Na siku utakapochora saa za kazi, weka uso wa saa na mishale yake. Ukiandika 8:00, huyu atasema saa mbili, yule saa nane, na mzozo utakuwa wako.

Haya, jaribio. Waite watu watatu, mmoja mmoja, uwaulize wanaona nini, kisha ufunge mdomo. Kueleza hakuna! Ukijikuta unaeleza, mchoro umeshindwa, chukua kifutio. Wakielewa wote, ndipo upitishe makapeni, na chini uandike sentensi moja fupi ya Kiswahili, ili anayesoma amsomee mwenzake.

Mwisho, kubandika. Sheria hiyo hiyo yamtaka mwajiri aweke taarifa ya haki za wafanyakazi mahali pa wazi, wanapopafikia wote. Tena mkataba wa asiyesoma lazima aelezwe kwa lugha anayoielewa, hata kama anatia kidole gumba. Kwa hivyo ongea na msimamizi kwa upole, bango lisije likang'olewa usiku. Mlango wa ofisi sio mahali pake, pale watu hupita wameinamisha vichwa. Hapa penye mtungi wa maji ndipo wanaposimama.

Langu nalibandika hapa, usawa wa macho. Nani kachukua selotepu?