Haidrojeni ya Kijani: Umeme Umetoka Wapi?

Ndugu zangu wa Mbeya, walionisikia huko nyuma wanajua naanzia wapi: umeme umetoka wapi? Leo nauliza hivyo kuhusu mkataba wa ruzuku ya haidrojeni ya kijani, yaani haidrojeni inayotolewa kwenye maji kwa umeme usio na moshi. Wenyeji wangu wameniomba leo nifupishe. Sifupishi.

Kupata kilo moja ya haidrojeni kwa kutenganisha maji kunakula kama uniti 55 za umeme. Nyumba yenye taa, redio na TV inazitumia mwezi mzima. Sasa tuseme mwekezaji, ruzuku mkononi, kapewa umeme wa Kihansi. Ni wa maji, hauna moshi, atabandika kibao cha "kijani" na wakubwa watakata utepe. Lakini waliokuwa wakiutumia umeme ule hawatakaa gizani. Pengo litazibwa na mitambo ya gesi kule Kinyerezi, na uniti moja ya gesi hutoa gramu 400 hivi za kaboni dayoksaidi. Zidisha mara 55: kilo 22! Haidrojeni ya kizamani, ya gesi asilia na mvuke, hutoa kilo 9 hadi 10 tu. Yaani kodi yetu imezidisha hewa chafu maradufu, ila imetokea Dar es Salaam, hatuioni.

Naona mzee pale anatikisa kichwa: Bwawa la Nyerere si lipo, megawati 2,115? Shikamoo mzee. Lipo. Ila mtambo wa haidrojeni ni ghali, mwenye nao anataka ufanye kazi usiku na mchana, masika na kiangazi. Oktoba maji yakipungua, anazimiwa nani kwanza: yeye, au mwenye mashine ya kusaga Mbalizi? Liandikwe kwenye mkataba kabla senti haijatoka. Marekani waliahidi ruzuku ya hadi dola 3 kwa kilo ya haidrojeni mwaka 2022, wakabishana zaidi ya miaka miwili juu ya hilihili: umeme uwe wa mitambo mipya, wa eneo lilelile, ulingane saa kwa saa na matumizi. Sisi tunataka kusaini Ijumaa.

Mbolea sasa, haraka haraka. Haidrojeni hutengeneza amonia, na amonia ndiyo mama wa mbolea ya kukuzia mahindi kule Mbozi. Hapo ruzuku naielewa. Ila urea ina kaboni ndani yake, na ukishaitia shambani inarudi hewani, hata kama haidrojeni yake ilikuwa safi. Waulizeni kaboni hiyo wataitoa wapi.

Malori ya haidrojeni ya kwenda Tunduma nayaruka. Umeme ukiugeuza haidrojeni kisha ukairudisha kuwa umeme, unabaki na theluthi hivi. Mwenye hamu anifuate nje.

Maswali. Mzee, anza wewe.