Toleo Lisiloondoka na Fomu

Habari za jioni, ndugu zangu. Nashukuru mmefika, maana foleni ya leo naijua.

Chukueni duka la vitenge Kariakoo. Kwenye mfumo kuna doti 40. Asha yuko kaunta, Juma yuko stoo, na wote wamefungua rekodi ileile. Asha anauza doti 5, anahifadhi 35. Juma anatoa 10, anahifadhi 30. Zilizobaki kweli ni 25, hifadhidata inasema 30, na kwenye logi hakuna kosa hata moja.

Dawa mnaijua: kolamu ya toleo, yaani namba inayopanda kila rekodi inapobadilishwa. Wazo lenyewe ni la zamani. Watafiti Kung na Robinson walichapisha makala juu yake mwaka 1981. Kwenye Hibernate, maktaba ya Java ya kuzungumza na hifadhidata, unaweka @Version, nayo inatuma, kwa mfano Juma akihifadhi:

UPDATE bidhaa SET idadi = 30, toleo = 8 WHERE id = 12 AND toleo = 7

Kama Asha ameshatangulia, toleo 7 halipo tena. Hakuna rekodi inayoguswa, na JPA, kanuni za Java ambazo Hibernate inazifuata, inarusha kosa la OptimisticLockException.

Wengi mnaishia hapo, mnalala usingizi. Sasa fungueni msimbo wenu. Juma anabonyeza Hifadhi. Seva inaisoma rekodi upya, inakuta toleo 8, inabandika 30 ya Juma, inahifadhi. Nane kwa nane, hakuna mgongano! Kolamu ipo, ulinzi haupo. Toleo lazima liende na fomu hadi kwa Juma na lirudi nayo.

Na msidhani kuandika setToleo(7) juu ya rekodi iliyosomwa upya kutasaidia. Hibernate inatumia toleo ililosoma yenyewe. Linganisheni kwa mkono kabla ya kubandika chochote.

Kufuli la FOR UPDATE, linalowazuia wengine kubadilisha rekodi mpaka umalize? Zuri kwa muamala wa sekunde moja, si kwa Juma aliyeacha fomu wazi akaenda kula.

Kwa hesabu ya stoo, mimi ningeiachia hifadhidata itoe yenyewe: SET idadi = idadi - 10 WHERE id = 12 AND idadi >= 10. Kwenye Django, mfumo wa Python, kuna F() kwa kazi hiyo. Ila amri hiyo ukiiandika kwa HQL, lugha ya maswali ya Hibernate, toleo halipandi mpaka useme update versioned.

Bei na maelezo ya bidhaa ni habari nyingine. Hapo Juma aonyeshwe alichobadilisha Asha, achague mwenyewe. Mwenye swali apewe maiki.